Njia ya Mama Yangu na Kamera ya Kumshinda Hemedi

Mmeniuliza wote, mmoja mmoja, kwenye simu na hata msikitini: "Mhina, ilikuwaje Mazinde? Mbona umerudi umenyamaza?" Basi leo mvua imegoma, wakulima hawaji dukani, na mbegu zangu zinanitazama tu kwenye magunia. Nimekaa nawaandikia. Mkitaka kucheka chekeni, ila msome mpaka mwisho ndipo mnihukumu.

Kwa wale wasiomjua Hemedi, na najua ni wachache, na hilo nalo linaniuma: Hemedi ni mtoto wa shangazi yangu, dada yake baba. Kwa hiyo ni binamu yangu, na kwetu Wazigua binamu ni mtani wako tangu unazaliwa. Anaweza kukuita nyani mbele ya wakwe zako, nawe ukacheka. Ukinuna, mwenye kosa ni wewe. Huyo Hemedi ana kamera ndogo ngumu, zile za kuvaa kifuani, haziogopi maji wala vumbi. Anapanda nayo milima, anavuka nayo mito, kisha anarusha video na watu wanampigia makofi kutoka Handeni mpaka Dar. Na kupanda milima nimemfundisha mimi! Kwenye video zake mimi ni mgongo tu, na siku nyingine hata mgongo umekatwa. Nilikuwa namwambia waziwazi, mbele za watu, "Hemedi, Mungu akipenda utaanguka na hilo dude lako," na watu wanavunjika mbavu. Watani hao, wanasema.

Yote hayo ningeyameza. Kilichonishinda ni baba. Mzee Salehe alikata mkonge Mazinde maisha yake yote, akastaafu, akabaki hukohuko. Sasa magoti yamegoma, anashinda barazani. Hemedi humtumia video kila wiki, na kila nikipiga simu nasikia Hemedi kapita hapa, Hemedi kaonyesha pale. Mwezi uliopita akaniambia, "Nimemwomba Hemedi akanichukulie ile njia ya Kwashemshi, ya kwenda kwao mama yako. Mpaka pale kijitoni. Nataka niione tena kabla macho hayajaniaga."

Mama yangu, marehemu, alikuwa Msambaa wa Kwashemshi. Kila siku ya mapumziko baba alidandia lori kutoka Mazinde mpaka bondeni, kisha akapanda njia ile kwa miguu kumposa. Mama yangu mimi, si mama yake Hemedi. Nikamuuliza, "Baba, mbona hukuniomba mimi?"

Akajibu bila ubaya wowote, "Wewe una kamera?"

Usiku ule sikula. Nikaapa nitanunua kamera, nitaifikia njia ile kabla ya Hemedi, na baba ataiona kwa mkono wa mwanawe.

CHANIKA MPAKA SINDENI

Niliondoka Chanika, hapa kwetu Handeni, na pikipiki yangu Ijumaa asubuhi, mke wangu akiniuliza nafuata nini Korogwe, nami nikisema mbegu. Barabara ya lami ni nzuri, nilikuwa nimeshaanza kuimba. Nilipokaribia Sindeni, tairi la nyuma likaishiwa upepo, fyuu.

Nilisukuma mpaka kwa fundi wa pancha. Kibanda kipo, pampu ipo, beseni la maji lipo, fundi hayupo. Mama aliyekuwa anauza chakula jirani akaniambia ameenda kuoga ajiandae na sala. Nikamwambia bado saa nzima. Akasema, "Huyu siku ya Ijumaa anaoga mpaka jini linamtoka. Kaa ule."

Nikala ugali na mlenda, na samaki mkavu ambaye kwa kweli alikuwa chumvi yenye macho. Tulisali, tukarudi, ndipo fundi akashika tairi langu kwa utaratibu wa mtu asiyekimbizana na Hemedi. Akanitazama usoni. "Nakujua wewe. Wewe si yule anayetembeaga nyuma ya Hemedi?"

Nilitaka kumwambia Hemedi ndiye anayetembeaga nyuma yangu, na kamera ndiyo inadanganya. Nikasema tu, "Ndiyo, ndugu yangu." Akaniambia nimsalimie, na nimwambie ile video ya kuvuka mto ameiangalia mara nne. Alikuwa ametia kiraka vizuri, nikakosa hata sababu ya kugomba.

MANUNDU

Nilifika Korogwe jua limeshaanza kuinama. Nilikuwa nimeelekezwa duka moja la simu na vifaa Manundu, la dada anayeitwa Rehema. Ni mwanamke mfupi, mchangamfu, ana kalamu ameichomeka kwenye kilemba. Nikamwambia nataka kamera ya safari za porini, ile ngumu.

"Unaenda kurekodi nini, kaka?"

"Njia ya mlimani. Ila iwe kubwa kuliko ya Hemedi."

Likanitoka hivyo hivyo. Dada Rehema akacheka. "Hemedi wa Handeni? Mteja wangu huyo! Ya kwake alinunua hapa hapa. We ni nani yake?"

Jamani. Nimetoka Handeni yote ile nimkimbie, namkuta kwenye kaunta. Nikasema mimi ni binamu yake, na yeye akaitikia "Aaa, watani!" na kicheko kikaongezeka.

Lakini kazi anaijua, nisimdhulumu. Alitoa tatu akaziweka mezani. Ya kwanza ilikuwa rahisi, ina boksi lake la plastiki la kuzuia maji. Akaniambia, "Hii bila boksi ikiona umande tu inakufa. Na ukiivalisha boksi, kioo kinafanya ukungu mlimani, unarudi na video ya maziwa." Ya pili ilikuwa inang'aa, ina kioo mbele na nyuma, ukijipiga unajiona. Moyo wangu ukaenda hapo moja kwa moja, maana ya Hemedi ina kioo nyuma tu.

"Hiyo nipe," nikasema.

"Utaenda kujiangalia wewe au kuangalia njia?" akaniuliza. Nikajifanya nasoma maandishi ya kwenye kasha. Akaendelea: vioo viwili vinakula chaji, nusu siku imezima, na betri yake haitoki, imo ndani kwa ndani. Kisha akaishika ya tatu, nyeusi, nene, sura ya tofali. Akaitumbukiza kwenye ndoo ya maji ya kudekia. Akaitoa, akaidondosha kwenye sakafu ya saruji, nami nikapiga kelele kama nimeangushiwa mtoto. Akaiokota, akaiwasha, ikawaka.

"Hii ina betri mbili, moja ikiisha unabadilisha. Inatuliza mtikisiko, ukitembea picha hairukiruki, mzee akiangalia hapati kizunguzungu. Na hiki kioo cha mbele kikikwaruzika unafungua, unaweka kingine."

Nilikuwa nimemweleza habari za baba kidogo. Ya tatu ndiyo ilikuwa sahihi, hata mimi niliona. Lakini niliuliza swali moja tu la mwisho, na naona aibu kuliandika: "Hii na ya Hemedi, ipi kali?"

Dada Rehema alinitazama kwa huruma. "Hii ni mpya zaidi, kaka."

Nikaichukua. Akanifunga mkanda wa kifuani dukani palepale, akanifundisha kuwasha, kuzima, na kufuta kioo kwa kitambaa laini, nisitumie ncha ya kanzu. Nililala gesti ya karibu na stendi, nayo nimeiweka juu ya meza nikiitazama. Nilifurahi, sikatai.

KWASHEMSHI

Asubuhi niliivaa kamera mapema, nikaiwasha kwa majaribio, nikashika njia ya Kwashemshi. Mashamba ya mkonge yakaisha, mahindi yakaanza, kisha migomba na ubaridi. Kamera ina taa nyekundu inayopepesa ikiwa inarekodi. Nikawa naiangalia ile taa kuliko barabara, nusura niingie kwenye mtaro.

Kwa mama mkubwa Saumu, dada yake mama yangu, nilifika bila taarifa. Nilishuka kwenye pikipiki, nikasema shikamoo, na badala ya marahaba nikasikia, "Yesu na Maria!" Na mama mkubwa ni Mwislamu safi. Aliona mikanda imenizunguka kifuani, kidude cheusi juu ya moyo, na taa nyekundu inapepesa.

"Mwanangu! Moyo umeanza lini?"

"Siyo moyo, mama mkubwa, hii ni..."

"Usiongee! Usiongee utajichosha." Akageuka ndani, akaita watu Kishambaa. Kabla sijamaliza kufungua mdomo nilikuwa nimekalishwa kwenye kiti cha mgeni, viatu vimevuliwa, jirani mmoja ananipepea kwa ungo. Mwingine akasema mjomba wake wa Lushoto aliwekewa mashine kama hiyo na hakumaliza mwaka. Wa tatu akamwambia ashike mdomo, mgonjwa anasikia.

Nilieleza. Wakatingisha vichwa, wakaniambia ndiyo, tumeelewa, huku wakileta uji. Ilibidi niivue, nimpe mama mkubwa aishike, ndipo akaniamini, na akanipiga nayo begani kwa hasira. "Umenitia mshtuko kwa ajili ya picha?" Hata hivyo ndizi za kupika na maharage zilikuwa zimeshaanza kuchemka kwa ajili ya mgonjwa, na mzima akazila.

Nikamuuliza, kama vile sijali, "Hemedi hajapita hapa siku hizi?"

"Hemedi gani?"

Loo! Hamjui utamu wa jibu lile. Nilimkumbatia mama mkubwa mpaka akauliza tena habari za moyo wangu. Nyumba nzima ilikuwa haimjui Hemedi. Nilikuwa wa kwanza.

KIJITONI

Njia aliyopanda baba inaanzia chini bondeni, kwenye daraja la miti, inapanda mpaka nyuma ya nyumba ya mama mkubwa. Nilishuka na gari la jirani mpaka chini, nikaivaa kamera, nikawasha, nikaanza kupanda peke yangu, ili baba aione kama alivyokuwa anaiona yeye.

Mimi nikiwa peke yangu naongea. Mke wangu anajua, nyie pia mnajua. Niliongea njia nzima. Ilikuwa kali, tope jekundu, mizizi, na mara mbili nilipiga goti. Kamera ililowa, nikaifuta kwa kitambaa cha Dada Rehema kama nilivyofundishwa. Betri ya kwanza iliisha katikati nikaweka ya pili, na nikaona nimechagua vema.

Kijito bado kipo. Maji yanaruka juu ya jiwe bapa, yanaanguka kwenye kidimbwi kisichozidi beseni mbili. Mama mkubwa alikuwa ameniambia baba alikuwa anakaa juu ya lile jiwe akimsubiri mama aje na ndoo, kwa sababu nyumbani hakuruhusiwa kufika mpaka posa ikubaliwe. Nilisimama pale nimenyamaza kwa mara ya kwanza tangu bondeni. Nililia kidogo. Kisha nikasema kitu kimoja zaidi, nikazima.

MAZINDE

Nililala kwa mama mkubwa, nikashuka kesho yake, nikarudi Korogwe, nikashika barabara kuu. Kabla ya Mombo nilisimamishwa na ng'ombe. Kundi zima limelala barabarani, malori yamejipanga, na mchungaji wa Kimaasai anabishana na dereva kuhusu nani aliyeanza kupiga honi. Tulikaa pale mpaka watu wakaanza kununuliana mahindi ya kuchoma. Mimi nilikaa nimejishika kifuani, nikiwaza baba atasemaje.

Nilifika Mazinde alasiri. Na aliyekuwa amekaa barazani na baba, anamenya chungwa, ni Hemedi.

Nilijua ameshaenda, ameshamwonyesha, nimechelewa kwa ajili ya pancha na ng'ombe. Nikamsalimia baba, "Shikamoo," nikamwambia Hemedi, "Na wewe, fisi, umefuata mzoga gani huku?"

"Nimenusa harufu yako," akasema, na baraza likacheka kama kawaida.

Baba akasema, "Hemedi amekuja kuniambia hajaenda Kwashemshi."

"Nilikuwa nakungoja wewe, Mhina," Hemedi akasema. "Pale ni kwa mama yako. Nitaendaje kwa wakwe wa mjomba na kamera, wewe hupo? Nimekupigia wiki nzima hupokei."

Kweli nilikuwa sipokei. Sikutaka kusikia sauti yake. Nikasema kwa sauti kubwa, "Basi usihangaike. Nimeshaenda," nikaitoa kamera yangu nikaiweka mapajani kwa baba.

Habari ikaenda nyumba hadi nyumba, mwana wa Mzee Salehe ameleta picha. Jirani akatoa tivii yake kubwa. Watu wakajaa, wazee wa mkonge, kina mama na watoto wao. Mimi sikujua waya unaingia wapi. Hemedi ndiye aliyeunganisha, na hata hilo lilinichoma.

Picha ikaja, safi, tulivu. Daraja, bonde, miguu yangu. Watu wakasema "aaa!" Baba akasogeza kiti. Halafu ikaja sauti.

Video za Hemedi huwa na muziki juu yake. Sikuwahi kuwaza kwamba chini ya muziki kamera inasikia. Tivii ya jirani ilikuwa imefunguliwa mpaka mwisho, na mimi nikajisikia mwenyewe nikihema, nikisema: "Hemedi, Hemedi, kila kitu Hemedi. Chukua basi na baba, mfanye wako. Ungejua ninavyokuchukia ukicheka. Nikikuona umesimama mbele za watu natamani ardhi ikumeze."

Watu wakaangua kicheko. "Watani hao!" mama mmoja akapiga makofi. Nami nikacheka nao, Mungu anisamehe, nikacheka nikidhani nimepona.

Baba hakucheka. Aliinua mkono, wakanyamaza. "Utani ni wa watu wawili," akasema. "Unamtania mtu anakusikia. Hapo Mhina alikuwa na nani?"

Kwenye tivii miguu yangu inaendelea kupanda.

"Alikuwa na mimi, mjomba," Hemedi akasema. "Alinipigia simu. Tulikuwa tunataniana njia nzima. Si unamsikia anavyonitaja?"

Watu wakapumua, vicheko vikarudi. Baba akatuangalia wote wawili. Sauti yangu ikaendelea, Hemedi akawa anaijibu kila inapomtukana, anaitania, watoto wanagaragara kwa kucheka. Kisha kijito kikatokea. Baba akainuka kwenye kiti, yeye ambaye haachi kiti bila kushikwa, akaenda mpaka kwenye kioo cha tivii, akaweka kidole juu ya jiwe bapa. Pale mimi nilikuwa kimya. Halafu sauti yangu ikasema, kwa kilio, "Mama, waambie wanione na mimi." Ikazimika.

Hapo Hemedi hakupata utani wa kuweka.

Watu walipotawanyika, baba aliniita chumbani. Aliniambia ahsante, jiwe ni lile lile. Kisha akauliza, "Ingekuwa ni sauti ya Hemedi, inakusema wewe hivyo, mbele ya watu. Ungemsitiri?"

Ningeweza kudanganya. Nyie mnanijua, ningeweza.

"Hapana, Baba," nikasema. "Ningeacha wasikie."

Hakunigombeza. Akasema, "Basi nenda kakae na mwenzio."

Hemedi alikuwa nje kwenye benchi, anakunja waya wa tivii. Akasogea, akaniachia nafasi. Nikakaa, nikasema, "Hemedi, yale hayakuwa utani."

"Najua," akasema. "Na miaka yote ile uliyokuwa unanitania, nilikuwa najua."

Kisha akaniuliza kama nimekula.